Orodha ya Marejeo ya Marshali Profesa

Ipo nchi moja ambayo jina lake silitaji, kwa sababu mipaka yake inalindwa na watu wasiopenda kutajwa. Si mbali. Ukipanda basi la asubuhi unafika chai ikiwa bado ya moto tumboni. Kurudi ndiko kwenye kazi.

Nchi hiyo ilikuwa chini ya Marshali Profesa, na hicho cheo cha pili alikitolea jasho kuliko cha kwanza. Alipokuwa kapteni tu alipeleka tasnifu yake chuo kikuu, nayo ikarudishwa na mtahini mmoja mwembamba mwenye miwani, aliyeandika pembeni kwa wino mwekundu: "Orodha ya marejeo haijapangwa. Rekebisha." Kapteni akaenda kurekebisha. Akarudi baada ya siku nne na vifaru sita. Wapinduzi wa nchi nyingine huanza na redio. Yeye alianza na maktaba. Mtahini alitundikwa kwenye mlingoti wa bendera ya chuo, miwani ikiwa bado usoni, na tangu siku hiyo hakuna msomi aliyeona kosa katika maandishi ya kiongozi huyo.

Kisha Marshali akatoa kitabu chake cha kwanza, *Fimbo na Maendeleo*. Siku ya uzinduzi mzee mmoja mwanajiografia akanyoosha kidole. "Samahani, Mheshimiwa," akasema, "ukurasa wa arobaini umeninukuu. Lakini mimi sikusema hivyo."

Marshali alimsikiliza kwa subira ya kiungwana. Akaomba nakala, yenye kurasa mia tisa na jalada gumu, akashuka jukwaani, akampiga nayo utosini mpaka mzee akawa hana pingamizi tena. Yalihitajika mapigo kumi na moja. Jalada halikuchanika hata kidogo, na mpiga chapa akapewa nishani.

Hapo ndipo ilipozaliwa Sheria Namba Saba: hakuna atakayetajwa katika marejeo ya Marshali akiwa hai, kwa kuwa aliye hai anaweza kukanusha. Wewe utasema, basi si angenukuu marehemu tu? Ni rahisi kusema. Marshali alisoma kile kilichomjia mkononi, na waliokiandika wengi walikuwa bado wanapumua. Ikaonekana ni nafuu kurekebisha waandishi kuliko kurekebisha nukuu.

Kazi hiyo ilikabidhiwa Idara ya Marejeo, chini ya Kanali Mabruki Sanze, mtu ambaye hakuwahi kumaliza kitabu hata kimoja lakini alikuwa amemaliza waandishi wengi.

Na mezani, mbele ya dirisha lenye nondo, aliketi Bi Semeni Mkomwa, mpangaji wa marejeo. Miaka kumi na tisa alikuwa anapanga: jina la ukoo, herufi ya jina la kwanza, mwaka kwenye mabano, jina la kitabu kwa herufi za mlazo, mji, nukta mbili, mchapishaji. Hakuna aliyemfikia. Akimaliza orodha alimpa Kanali, akafunga mkoba, akaenda zake nyumbani kulisha sungura. Nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa: alijua kila kitu. Alijiambia kwamba yeye anapanga tu, wanaofyatua ni wengine.

*

Jeshi la nchi ile lilikuwa na nidhamu. Liliifuata orodha kama ilivyoandikwa, herufi moja kila siku, na mtu asithubutu kusema kulikuwa na upendeleo.

Kitabu chenye waandishi wawili kilichukua wawili. Kitabu cha toleo la tatu, mwandishi wake alipigwa risasi mara tatu, na baina ya risasi na risasi daktari alimhudumia ili matoleo yasichanganyike. Mwandishi ambaye kitabu chake hakikuwa na tarehe alifungwa bila tarehe. Waliokuwa wamekwisha kufa kwa matakwa ya Mungu walifukuliwa ili ihakikishwe, maana Idara haikubali ushahidi wa kusikia. Na ilipotokea kwamba mwandishi si mtu bali ni Shirika la Maji, mizinga miwili ilipelekwa kwenye jengo la shirika hilo ikalipiga kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, wafanyakazi wakiwa ndani. Mji ukakaa wiki tatu bila maji. Gazeti la serikali likawapongeza wananchi kwa kugundua upya visima.

Wote walizikwa kwenye uwanja mmoja nyuma ya Idara, kwa mpangilio wa alfabeti, kila mmoja na kibao chake: jina la ukoo, herufi, mwaka kwenye mabano. Wageni wa kimataifa waliotembezwa pale walisema hawajaona makaburi yaliyo rahisi kutafuta mtu kiasi hicho.

Basi ukaja mswada wa kitabu cha pili cha Marshali, *Fimbo na Utulivu*, wenye vitabu mia tatu na kumi na viwili vya kupangwa. Bi Semeni akaanza kuupitia. Alipofika sura ya tisa, inayohusu mipaka ya nchi, akakutana na sentensi hii: "Banda likiwa na tundu moja, sungura wote watalijua kabla hujalijua wewe." Kwa nguvu ya sentensi hiyo Marshali alikuwa ameandika kurasa nne za kueleza kwa nini mpaka wote lazima utegwe mabomu ya ardhini.

Moyo wa Semeni uliruka. Sentensi ile ilikuwa yake! Aliiandika akiwa amepiga magoti uani, siku sungura wake walipotoroka wakaingia kwenye mchicha wa jirani. Mkuu wa nchi anamnukuu yeye! Kisha macho yakashuka kwenye mabano: Chilumba, ukurasa wa ishirini na saba. Hasira ikampanda. Halafu akakumbuka ameshika orodha gani, na hofu ikameza vyote viwili. Furaha, hasira na hofu, vyote vilimpitia kabla hajameza funda la chai lililokuwa mdomoni.

Chilumba alikuwa mumewe.

*

Hapa lazima nieleze jambo la aibu. Miaka kumi na mmoja nyuma Semeni alijaza madaftari matatu kuhusu sungura wake: wanakula nini, wanaugua nini, jike lipandishwe lini. Mumewe, Bwana Hatibu Chilumba, afisa kilimo aliyekuwa anakaribia kustaafu, akasema atampelekea kwa wachapaji. Akapeleka. Kitabu kilirudi kikiitwa *Ufugaji Bora wa Sungura kwa Mwenye Uwanja Mdogo*, kimeandikwa na H. Chilumba, na nyuma ya jalada picha yake amemkumbatia sungura asiyemjua hata kwa jina. Ndani, ukurasa wa kutabaruku ulisema: "Kwa mke wangu Semeni, aliyenipikia chai nilipokuwa naandika."

Alipomuuliza, Hatibu alimjibu kwa upole mkubwa: "Mama Nasra, mume na mke si mwili mmoja? Mwili mmoja, jina moja." Toka hapo akawa anaitwa Mtaalamu. Alikaa viti vya mbele kwenye maonyesho ya kilimo, akatembea na nakala kwenye mfuko wa koti, akiitoa hata msibani. Semeni alimeza. Alimpenda, na mtu hawezi kugombana na mumewe kila siku kwa ajili ya jalada.

Jioni ile alimweleza habari ya nukuu. Hatibu akasimama, akajifunga vizuri msuli.

"Ukurasa wa ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Siulizi wa kwetu, mke wangu. Wa kwake Marshali!"

"Baba Nasra, nisikilize. Anayenukuliwa anakufa."

"Hao ni watu wa siasa. Mimi mtu wa sungura. Nani amuue mtu wa sungura?"

"Jumatatu wamemuua mtu wa mapishi ya maandazi."

"Kwa kosa gani?"

"Amenukuliwa. Marshali alisema taifa ni unga."

Hatibu akakaa chini taratibu. "Mama Nasra," akasema hatimaye, na sauti ilikuwa ya mtoto, "orodha si unaipanga wewe? Kalamu yako. Mumeo. Utashindwaje?"

Hakushindwa. Kanuni anazozijua ziko wazi: kitabu kisicho na mwandishi hupangwa kwa jina la kitabu. Kesho yake alichana jalada na ukurasa wa kwanza wa nakala ya Idara, akarudi navyo nyumbani ndani ya kanga, akawashia moto wa ugali. Kisha akalifuta jina la Chilumba kwenye mabano ya mswada, akaandika kwa mwandiko wake safi, chini ya herufi U: *Ufugaji Bora wa Sungura kwa Mwenye Uwanja Mdogo*. Mwandishi hayupo. Usiku ule alilala kama mtu aliyetua mzigo.

*

Siku ya herufi U askari walikuja. Walikuwa kumi na wawili, na sajini wao alikuwa na mashaka ya kikazi, kwa sababu hakujua ufugaji unapigwa risasi wapi. Akapiga simu kambini kuomba tafsiri. Kambi ikajibu: pigeni kinachofugwa. Na katika mtaa mzima aliyefuga sungura alikuwa Bi Semeni.

Waliwatoa ishirini na sita, wakawapanga kwenye ukuta wa jiko. Sajini akawasomea mashtaka. Sheria inataka mhukumiwa afungwe macho, basi vikatafutwa vitambaa, lakini kwa ajili ya masikio havikukaa, ikabidi kila mmoja afungwe na kushikiliwa peke yake. Risasi za vita ni kubwa kwa sungura. Baada ya kila mlio hapakubaki sungura mzima, palibaki vipande, doa ukutani na manyoya hewani. Lile jike jeupe lenye mimba Semeni alilipa jina la mama yake mzazi. Nalo lilifungwa kitambaa. Alitaka kupiga kelele, akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga mpaka fizi zikatoa damu. Hatibu wakati huo alikuwa nyuma ya magunia ya mkaa, akisoma dua.

Nyama iliyobaki ilichukuliwa kama kielelezo. Maofisa walikipitia kielelezo hicho kwa wali wa nazi.

Semeni alilia siku nzima. Hata hivyo alimtazama mumewe anavyokula, akasema moyoni: sungura watazaliwa wengine.

Lakini Marshali Profesa hakuwa mjinga, na siku hizo alikuwa anasoma orodha yake mwenyewe kwa raha, kama mwingine anavyosoma barua za mapenzi. Akamwita Kanali Sanze.

"Hapa hapana mwandishi. Mmeua sungura. Sungura anaandika?"

"Kwa amri yako, Mheshimiwa," akajibu Kanali, "anaweza kuandika."

Marshali alimpiga kofi lililong'oa meno mawili ya mbele. Kanali akayaokota, akapiga saluti, akarudi ofisini ametia leso mdomoni. Waraka ukatoka siku hiyo hiyo: kila kitabu kipatiwe binadamu. Kitabu ambacho baada ya siku tatu hakijapata binadamu wake, aliyepanga orodha atasimama mahali pa mwandishi.

Semeni aliusoma waraka ule mara mbili. Ulikuwa umepangwa vizuri.

Siku ya kwanza alinyamaza. Siku ya pili alinyamaza. Alikuwa na neno moja tu la kusema, Chilumba, na angepona. Usidhani lilikuwa jambo la ushujaa. Alishindwa tu kulisema. Kila alipofungua mdomo alimwona yule mtu nyuma ya magunia ya mkaa, uso umejaa vumbi jeusi, akaufunga tena. Nyumbani alimweleza Hatibu yote.

*

Siku ya tatu asubuhi, Kanali Sanze alikuwa ameketi kwenye ua wa Idara, karani pembeni anaandika kila neno, na Semeni amesimamishwa ukutani. Mara lango likafunguliwa. Akaingia Bwana Hatibu Chilumba, amevaa koti lake la maonyesho, na majirani wawili nyuma yake.

Moyo wa Semeni uliyeyuka. Amekuja kujitoa, alisema moyoni. Baba Nasra wangu amekuja kujitoa! Akamsamehe yote, jalada, picha, na ile chai.

"Mheshimiwa Kanali," Hatibu akanena kwa sauti ya jukwaani, "mimi ni mwizi. Siku za mwizi ni arobaini, na zangu zimetimia. Kitabu kile hakikuandikwa na mimi. Mwandishi wake ni huyu mwanamke hapa!"

Akayatoa madaftari matatu. Akamkabidhi Kanali. Majirani wakala kiapo kwamba walimwona Bi Semeni kwa macho yao akiandika uani, na kwamba Bwana Hatibu hajui sungura ana meno mangapi. "Na si hayo tu," Hatibu akaendelea, maana alishapata moto, "linganisha mwenyewe, neno kwa neno!" Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa ile nakala yake asiyoachana nayo, akaiweka juu ya madaftari.

Kanali akalinganisha. Ilimchukua muda, kwa sababu kusoma hakukuwa kazi yake. Kisha akageuka.

"Bi Semeni. Ni kweli uliandika wewe?"

Alimtazama mumewe. Hatibu hakumtazama. Alikuwa anafuta jasho, na usoni alikuwa na unafuu wa mtu aliyewahi choo. Ikamchoma Semeni kuliko kitu chochote kilichowahi kumchoma. Angeweza kukana. Lakini swali lile alilingoja miaka kumi na mmoja, na hapakuwahi kutokea mtu wa kuliuliza, mpaka akaja huyu mwenye bastola na mapengo.

"Niliandika mimi, Afande," akasema. "Kila neno. Ila ukurasa wa kutabaruku."

Aliona raha. Naam, raha, kifuani mwake, na risasi zinamngoja.

Kanali akatikisa kichwa, akafunga madaftari, akakishika kile kitabu. Akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma, akaitazama picha, akamtazama Hatibu.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, Afande. Lakini kama nilivyoeleza..."

"Na hapa pameandikwa nini?"

"H. Chilumba. Lakini..."

"Bi Semeni, wewe ndiye mtaalamu. Marejeo yanachukuliwa wapi?"

"Kwenye jalada na ukurasa wa jina, Afande."

"Si kwenye madaftari ya uani?"

"Hapana, Afande."

"Umesikia, Bwana? Sisi hapa hatushughuliki na nani aliandika. Tungeanza kuuliza nani aliandika, Marshali mwenyewe angebaki na vitabu vingapi?" Kanali akaduwaa kwa kauli yake mwenyewe. Akamgeukia karani, akampiga risasi ya shavu, akachukua karatasi iliyokuwa na maneno hayo akaitia mfukoni. "Tuendelee."

Hatibu walimkamata miguu. "Sikuandika mimi!" alipiga kelele, kucha zikichora changarawe. "Wallahi sikuandika! Hata neno moja! Ni cha mke wangu! Ni cha mke wangu!" Kelele zile zilisikika mpaka sokoni, na watu wote waliokuwa wakimwita Mtaalamu wakazisikia. Semeni alikuwa ameyaota maneno hayo kwa miaka. Katika ndoto zake mumewe aliyasema akiwa amesimama.

Risasi zilikuwa tano. Majirani wawili walipigwa moja moja, kama tanbihi.

Ikazuka shida ya mpangilio. Kaburi la Chilumba lilitakiwa liwe kati ya Chikoti na Chimbo, na hao walikwisha kuzikwa bega kwa bega. Wafungwa wakaletwa, wakafukua wote kuanzia Chimbo hadi mwisho wa herufi Z, wakawasogeza nafasi moja moja. Kazi ilichukua siku sita katika jua kali, na wafungwa wanne wakafa kwa harufu. Hawakuwa wameandika chochote, kwa hiyo walitupwa nje ya ukuta.

Kwenye orodha, Semeni alipewa kalamu asahihishe mwenyewe. Akaandika: Chilumba, H. Akaweka mwaka kwenye mabano, jina la kitabu, mji, nukta mbili, mchapishaji. Alipofika nyumbani, mbele ya ukuta wa jiko wenye madoa, akaanguka akamlilia mumewe kwa sauti, akimtukana na kumlilia, mpaka majirani waliobaki wakashindwa kujua wampe pole kwa lipi.

*

Baada ya miezi mitatu Kanali Sanze alimwita ofisini, akamkaribisha kiti, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Bi Semeni, kile kitabu chako Marshali kimempendeza. Anataka kiingie shule zote. Lakini wachapaji wanasema toleo jipya linataka mwandishi aliye hai, wa kusaini karatasi." Akakohoa. "Mimi naona haki yako sasa ipatikane. Jina lako likae kwenye jalada."

Semeni alimtazama kwa utulivu. Haki hiyo aliitaka kwa miaka mingi kuliko alivyotaka nyumba.

"Afande, asante. Lakini jina langu mimi litamtisha nani? Kitabu kinachokwenda shule zote kinataka jina zito. Jina la mtu mwenye cheo. Ningekuwa na uwezo ningemtafuta ofisa msomi."

"Ofisa msomi," Kanali akarudia, akijipapasa kifua penye medali. Kilemba cha ukoka kilimkaa vizuri. "Lakini wajua, jina kwenye kitabu... kuna ile Sheria Namba Saba."

"Afande, juzuu linalofuata la Marshali linahusu utawala wa anga. Sungura watafuata nini huko?"

Kanali alicheka mpaka mapengo yakaonekana yote. Toleo jipya likatoka kabla ya sikukuu ya mapinduzi, jekundu, limeandikwa M. Sanze, na nyuma picha yake amempakata simbilisi, maana sungura walikuwa adimu mjini. Aliwagawia maofisa wote. Alianza kuitwa Kanali Mtaalamu, na akawa hakatai.

Wiki iliyofuata mswada wa utawala wa anga ukaletwa mezani kwa Bi Semeni. Marshali siku hizi alikuwa na shughuli nyingi, hakuwa na nafasi ya kusoma, kila penye pengo aliandika kwa mkono wake, "Mpangaji atie nukuu inayofaa." Mapengo yalikuwa mia moja na arobaini. Semeni alivuta kiti karibu na dirisha. Akakifungua kile kitabu chekundu kwenye ukurasa wa ishirini na saba, akainakili sentensi yake polepole, kwa mwandiko safi, bila kuacha nukta. Kisha akaandika jina la mwandishi kama lilivyo kwenye jalada.